Tulikwenda Bagamoyo kutafuta kibaba

Shaabani ilipoandama, kamati ya msikiti wetu ilikutana kama ilivyo ada kupanga mambo ya Ramadhani: mikeka, maji ya udhu, zamu za darsa baada ya Alasiri, na imamu wa Tarawehe. Ajenda ya nne ilikuwa fidia. Ajenda hiyo kila mwaka hupita kwa dakika tano. Safari hii iliuchukua muda wote baina ya Magharibi na Isha, na haikwisha.

Aliyeizuia isipite ni mzee wetu mmoja, ambaye kwa adabu hatutamtaja jina. Tangu ujana wake hajapata kuiacha hata siku moja ya Ramadhani. Mwaka huu daktari amemkataza. Ana kisukari, anajidunga insulini, na Ramadhani iliyopita sukari ilimshuka akaanguka penye mabomba ya udhu, akachukuliwa akiwa hajitambui. Sheria imempa ruhusa na yeye ameipokea, ingawa kwa uzito. Lakini alitaka kujua jambo moja.

"Nikiwa mimi ni wa kutoa fidia," alisema, "basi nijue ninatoa nini. Msinitajie shilingi. Nitajieni chakula."

Tukajibu kama tulivyosomeshwa chuoni: kwa kila siku moja aliyoiacha mgonjwa asiyetarajia kupona, au mzee asiyeweza, humlisha maskini mmoja, na kipimo chake katika madhehebu yetu ya Shafi ni mudi moja ya chakula kikuu cha watu wa mji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Mudi nne ni saa moja, ndiyo pishi yetu ya zaka ya fitri. Na mashekhe wetu wa pwani, kwa kuwa pishi ni vibaba vinne, wamezoea kuifasiri mudi kuwa ni kibaba.

"Haya," akasema mzee. "Kibaba ni kiasi gani?"

Kamati nzima ikatazamana. Mmoja alisema nusu kilo. Mwingine akasema robo tatu. Wa tatu akasema ni lile kopo la maziwa ya unga, lakini hakukumbuka ni kopo kubwa au dogo. Siku ya pili yake tukawauliza watoto wa madrasa. Wote wanaijua methali ya haba na haba hujaza kibaba, na wanaisema kwa sauti moja kama wimbo. Tulipouliza hicho kibaba chenyewe ni kitu gani, mtoto mmoja alijibu kwa kujiamini kuwa ni baba mdogo.

Mhazini wetu, ambaye asili yake ni Bagamoyo, ndiye aliyetutoa katika aibu hiyo. Alisema mama yake mdogo, mdogo wake marehemu mama yake mzazi, anacho kibaba cha mti kilichoachwa na babu yao aliyekuwa muuza nafaka. Ikakubaliwa twende sisi wawili, mhazini na katibu, kwa nauli yetu wenyewe. Kamati yetu haina posho, na neno hilo tutalirudia.

Tuliondoka kituo cha Makumbusho Jumatatu asubuhi, tukiwa tumefunga Sunna. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni safari isiyofikia masafa ya kufupisha swala wala ya kumhalalishia mtu kufungua katika saumu ya faradhi. Basi lilipita Tegeta, Boko na Bunju, na kila liliposimama madirisha yalijaa mikono: karanga, korosho, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma. Ilipofika saa nne njaa ilitubisha hodi kwa nguvu. Ilipofika saa sita, karibu na Kerege, ilikuwa imekwenda zake bila kupewa kitu.

Jambo hilo daktari wa mzee wetu alikuwa ametueleza siku tulipomsindikiza kliniki. Tumbo, alisema, humaliza mlo wa kawaida kwa saa nne au tano hivi. Baada ya hapo mwili hutumia sukari iliyowekwa akiba katika ini, na akiba hiyo ikipungua hugeukia mafuta. Njaa ile ya saa nne asubuhi mara nyingi ni desturi: mwili umezoeshwa kupewa chai saa hiyo, nao hudai. Usipojibiwa hunyamaza. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, aliyekula daku na atakayekula futari, hadhuriki kwa saa 13 na ushei za saumu ya pwani yetu. Mwenye kujidunga insulini ni habari nyingine, kwa sababu dawa ile huendelea kuishusha sukari hata kama mwenyewe hakutia kitu mdomoni. Na mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa. Tumbo lake ni dogo na akiba yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe milo 2 hadi 3 kwa siku pamoja na maziwa ya mama, na wa miezi 9 hadi 23 apewe milo 3 hadi 4. Tunalitaja hili kwa ajili ya akina mama wanaonyonyesha, ambao hujilazimisha kufunga kwa kuona haya mbele ya mawifi zao ilhali sheria imewapa ruhusa wakihofia afya zao au za watoto wao.

Bagamoyo tuliingia jua likiwa utosini. Mhazini alipitia pwani kwenye mnada wa samaki, akanunua changu wawili, kisha tukaingia dukani tukanunua mchele kilo tatu, maana haifai kwenda kupima kwa chombo cha mtu kwa mchele wa mwenye chombo. Nyumba ya mama mdogo ipo mitaa ya nyuma, mbali na majumba ya mawe yanayopigwa picha na wageni. Ni nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, yenye baraza iliyosafishwa hata inang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umekumbuka njia?" Kisha akatugeukia. "Na ustadhi naye karibu. Mmefunga? Basi sitawaletea maji, nitawaletea mkeka."

Tulipomweleza haja yetu alicheka sana. Aliingia ndani akatoka na chombo cha mti kilichochongwa kwa kipande kimoja, cheusi kwa mafuta ya mikono ya watu, mdomo wake umevishwa ukanda wa bati ili usilike. Ndani yake mlikuwa na kijiti kilichonyooka.

"Hiki kijiti ndicho hasa mlichokuwa mnakitafuta na hamkukijua," alisema. Alichota mchele, akajaza kibaba hadi ukafanya kichuguu. Kisha akakipitisha kijiti juu ya mdomo, mchele uliozidi ukaangukia kwenye ungo. "Hiki ni kibaba cha mfuto." Akachota tena, safari hii hakufuta. "Hiki ni kibaba cha tele. Baba akiuza, anapima mfuto, maana biashara ni haki kwa haki. Zaka ya fitri akipima tele. Alikuwa akituambia sisi watoto kuwa kile kichuguu ndicho kitakachomtetea."

Kijana wa duka la jirani alitupimia vyote viwili kwenye mizani yake ya kidijitali. Cha mfuto kilikuwa gramu 630. Cha tele kilikuwa gramu 720. Wanazuoni waliojitahidi kuigeuza mudi ya Madina kuwa gramu wengi wao huishia nusu kilo na kidogo juu yake, basi kibaba cha mama mdogo, hata kwa mfuto, kinamtoa mtu katika dhima. Mhazini, ambaye hawezi kuona namba bila kuifanyia hesabu, alitoa simu. Gramu 100 za mchele mkavu hutoa takriban kalori 360. Kibaba cha mfuto kikawa kalori karibu 2,270, na cha tele karibu 2,590. Ndicho kiasi ambacho mtu mzima anayefanya kazi huhitaji kwa siku nzima. Tulitazamana. Viganja viwili vya mtu, vilivyowekwa kuwa kipimo karne 14 zilizopita, vinakaribia kabisa hesabu ya maabara.

Baada ya Adhuhuri mama mdogo alitufukuza kwa upole, akasema wanaume waliofunga wakikaa barazani hugombana bure, twende tukatembee. Tukaenda Karavanserai.

Wasomaji wengi wamefika Bagamoyo kwa ziara za shule, wakaonyeshwa boma la Wajerumani na magofu ya Kaole na misikiti yake ya kale. Karavanserai watu huipita haraka, kwa kuwa ni ua tu wenye kuta. Sisi tulikaa hapo hadi karibu na Alasiri, kwa sababu tulikuwa na kibaba ndani ya mfuko. Hapa ndipo ilipokuwa ikianzia na kukomea njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka pwani hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, kilomita zaidi ya 1,000 kwa miguu. Wapagazi walibeba mizigo ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwenda na nguo na shanga na kurudi na pembe za ndovu. Na chakula chao kilipimwa kwa kibaba. Wasafiri wa Kizungu waliopita njia hii, Richard Burton wa mwaka 1857 akiwa mmoja wao, waliandika kuwa ada ya mtu mmoja kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, wakakikadiria kuwa kama ratili moja na nusu, yaani gramu takriban 680. Kiko katikati ya mfuto wetu na tele yetu.

Chakula hicho cha siku ndicho kilichoitwa posho. Leo posho ni bahasha anayopewa mtu kwa kukaa kwenye kiti cha mkutano, na wapo wanaoususia mkutano isipokuwapo. Wapagazi hawakuwa na cha kususia. Msafara ulipopita Ugogo na kuingia Mgunda Mkali, nchi kavu isiyo na vijiji vya kuuza nafaka, kibaba kilikatwa nusu, na ikibidi kilikatwa chote, lakini mzigo haukukatwa. Wapo waliozikwa njiani. Na wapo walioletwa pwani kwa njia hiyohiyo wakiwa si wapagazi bali ni bidhaa.

Mmoja wa hao walioletwa utotoni kama watumwa kutoka upande wa Kongo alikaa katika mji huu, akasoma, akafanya biashara, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria aliyefuatwa na maelfu. Ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Mwaka 1916 akawa liwali wa Bagamoyo, na alifariki mwaka 1931. Wako ndugu zetu wasiokubaliana na baadhi ya mambo ya tarika, nao wana hoja zao, na hapa si pahala pake. Sisi tulikuwa tukifikiri jambo dogo zaidi: kwamba mtoto yule alipofika hapa, kibaba chake kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Aliyekishika ndiye aliyeamua kama leo atakula au hatakula.

Tuliporudi, mama mdogo alikuwa ameshachambua mchele. Alipika kibaba kimoja cha tele, si zaidi, kwa kuwa alitaka tukione kikiwa chakula. Changu akawaunga kwa nazi. Adhana ilipolia tulifungua kwa tende na maji, naye akala tende pamoja nasi, tukaswali, kisha akapakua kwenye sinia moja. Tukala watatu. Tulipomaliza, sufuriani mlikuwa mmebaki ukoko na wali wa kumtosha mtoto.

Mhazini akasema, "Mama, hiki si ndicho tunachoambiwa ni cha mtu mmoja? Mbona kimetutosha watatu?"

"Kimewatosha kwa sababu mlikula daku," alijibu, "na kesho asubuhi mtakunywa chai na vitumbua. Kibaba ni cha siku, baba. Si cha mlo."

Tuliona hayo ndiyo majibu ya safari yetu, na tukaanza kuyapanga kichwani yatakavyosomeka mbele ya kamati. Ndipo mhazini akauliza swali alilodhani ni la heshima tu. "Nawe ulikuwa umefunga leo, mama? Nimeona umefungua na sisi."

"Sikufunga," alisema. "Sikula tu."

Alisema akiendelea kukwangua ukoko, bila huzuni, kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Alfajiri alikunywa chai ya rangi. Kila siku ni hivyo: chai alfajiri, na chakula kimoja jioni, kwa sababu mkaa wa kuwasha mara mbili haupo, na aliyekula jioni hulala. Mwili ukishazoea, alisema, njaa ya mchana hunyamaza yenyewe. Tukakumbuka Kerege, na jinsi tulivyojisifu moyoni kwamba ya kwetu imenyamaza.

"Mwezi ninaokula mara mbili ni Ramadhani," akaendelea. "Futari huletwa. Leo nyumba hii, kesho ile, siwezi kuwasema vibaya majirani zangu. Napunguza, ninaweka, ndiyo daku. Watu mwezi wa Shawali ukiandama hushangilia. Mimi huwaza kesho kutwa."

Mhazini hakuweza kusema kwa muda. Huyu ni mtu ambaye kila Idi humtumia mama yake mdogo fedha kwa simu, na hajakosa hata mwaka mmoja. Alipopata sauti alisema, "Lakini mama, mimi si hutuma?"

"Hutuma, Mungu akuzidishie. Hufika siku ambayo kila nyumba imepika."

Hakukusudia kumchoma. Alikuwa akimjibu. Kisha akamwuliza habari za wanawe mmoja mmoja kwa majina, mpaka tulipoaga.

Basi la usiku lilikuwa na watu wachache. Tulikaa kiti kimoja, kibaba tumekipakata, naye mama mdogo alikuwa ametuazima kwa sharti moja: chombo hakirudi kitupu. Hadi Bunju hatukusemezana. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la kusoma, na la kwetu sisi katibu tuliandika kwa mkono wetu wenyewe, basi tutalisoma hapa mbele ya wasomaji.

Mwaka jana fidia za wazee na wagonjwa wa msikiti wetu zilikamilika kupokelewa tarehe 10 Ramadhani. Zilikuwa fedha taslimu. Tuliona si vizuri kuzitoa vipande vipande. Tungojee, tuzigawe siku moja, kwa orodha moja, sahihi moja na picha moja ya ripoti. Tukazigawa tarehe 28. Katika orodha ile alikuwamo mjane mwenye watoto watatu. Tarehe 12, baada ya Adhuhuri, alikuja mlangoni pa ofisi akauliza kama kuna chochote. Fedha zilikuwamo kwenye mtoto wa meza, chini ya kiwiko chetu. Tulimwambia asubiri orodha ikamilike. Alisema inshaallah, akaondoka. Tarehe 28 alipokea bahasha yake, akashukuru, na sisi tukaandika katika ripoti kwamba zoezi limefanyika kwa ufanisi.

Hakuna fatwa tuliyoivunja. Fidia inaweza kutolewa siku kwa siku Ramadhani inapokwenda, na inaweza kukusanywa ikatolewa mwishoni. Lakini tulifundishwa pia, na tumewafundisha watu kwenye darsa, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza umma wake kuunganisha saumu siku kwa siku bila kufungua, kwamba alihimiza futari iharakishwe na daku icheleweshwe, na kwamba saumu ya juu kabisa kwa mwenye kuitaka ni ya Nabii Daud (a.s.), siku moja kufunga na siku moja kula. Dini hii imeiwekea njaa mlango huku na mlango huku. Saumu ina chakula mwanzoni na ina chakula mwishoni, na baina yake pana nia. Mtu asiye na daku wala hakika ya futari ameingizwa katika lile lile lililokatazwa, naye hakulitia nia. Na fidia, iliyowekwa kwa hesabu ya siku na kwa kipimo cha siku, sisi tuliigeuza kuwa ya mwezi kwa sababu ilikuwa rahisi kwa daftari letu.

Kamati ilikutana tena Ijumaa. Kibaba kilizungushwa mkono kwa mkono. Mzee wetu alikishika muda mrefu, akaingiza kidole katika ule ukanda wa bati, akasema kwao Rufiji walikuwa nacho kama hicho na yeye alikuwa amekisahau. Tulisoma yote tuliyoyaandika hapa juu, pamoja na habari ya tarehe 12. Hakuna aliyetulaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mjadala ulikuwa mkali katika jambo jingine. Mwanakamati mmoja, kijana mwenye duka la simu, alisema fedha ni bora kuliko mchele: mtu anajua mwenyewe anachokosa, na hao wanazuoni wa Hanafi wamejuzisha thamani. Hoja yake ina nguvu, na mama mdogo, aliyesema kinachomkosesha mlo wa pili ni mkaa, angekuwa upande wake. Sisi kwa upande wetu tulishikilia chakula, kwa kuwa ndiyo madhehebu tuliyolelewa nayo na kwa kuwa shilingi husahau haraka ilikusudiwa nini. Tuliafikiana hivi: fidia itatoka kwa mchele, kwa kibaba cha tele, kila Ijumaa baada ya swala, vibaba saba kwa kila jina. Mkaa na kitoweo vitatoka mfuko wa sadaka, navyo vitakuwa fedha taslimu. Anayebisha hodi katikati ya juma hataambiwa habari ya orodha. Orodha yetu ina nyumba 41.

Kuhusu miezi 11 iliyobaki hatukuafikiana. Mhazini alipiga hesabu mbele yetu: mfuko wa sadaka, kama ulivyo leo, unaweza kuzishika nyumba 9 kwa mwaka mzima. Kuzichagua tisa katika 41 ni kazi ambayo kila mmoja alimsukumia mwenzake, na ajenda ikaahirishwa.

Tunaandika haya Ramadhani ikiwa na siku sita. Fundi seremala wa mtaani ametuchongea kibaba kingine kwa kukiiga kile cha kwanza, cha mti wa mkorosho, bado cheupe na kinanukia. Mzee wetu hangoji Ijumaa. Kila siku kabla ya Magharibi huja na mchele wake katika mfuko, hupima mwenyewe kwa mikono inayotetemeka kidogo, na kichuguu kikianguka hukianza upya. Baadaye hukaa nasi mkekani, hashiki tende mpaka adhana iishe, ingawa yeye amekula mchana kwa amri ya daktari. Hatujamwuliza kwa nini.

Kibaba cha mama mdogo kimerudi Bagamoyo Jumamosi iliyopita. Mhazini alikipeleka peke yake. Alichotia ndani yake hakutuambia, ila alilalamika kuwa kondakta alimtoza nauli ya mzigo, magunia mawili, na kwamba kutoka stendi hadi mitaa ya nyuma alilazimika kukodi mkokoteni.